Jicho Lililofundwa Kusitiri

1

Nzi alifika mtaa wa Kwa Mkolimba saa nne asubuhi, mvua ya siku tatu ikiwa imekatika hivi punde, na watu wa mtaa wakafanya kile wanachofanya siku zote akija: waliziba pua, kisha wakasogea karibu waone vizuri. Jina hilo walimpa wenyewe. Kwenye makaratasi ya kampuni ya Shimo Safi aliitwa mtambo wa kutapisha vyoo wa aina ya tatu, mwenye magurudumu sita, tangi la lita elfu nne mgongoni, mpira wa kunyonya mnene kama paja, na shingo ndefu ya chuma yenye jicho nchani. Lakini kitu chenye jicho kubwa la vigaevigae, kinachokimbilia vyooni, watu wa Dar es Salaam wangekiitaje kingine?

Mwantumu Kilindo, fundi wa jicho, alikaa kwenye kipandio cha mtambo na kishikwambi chake magotini. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na harufu ya shimo haikumtisha, maana alikua nayo. Baba yake alikuwa chura, mmoja wa wale wanaume waliokuwa wakishuka vyooni na ndoo kabla jiji halijawapiga marufuku na kuleta mitambo. Nyumbani kwao watu walikula baba akinukia vile, na aliyekunja pua alinyimwa mboga.

Choo chenyewe kilikuwa uani kwa nyumba ya wapangaji sita. Sakafu ilikuwa imetitia alfajiri ikaangukia shimoni. Mjumbe wa mtaa alishawahesabu wapangaji mmoja mmoja, na wote walikuwapo isipokuwa Bi Siwatu, muuza vitumbua, ambaye kila siku huondoka kabla ya adhana kuwahi wasafiri wa kituo cha mabasi. Mlango wake ulikuwa umerudishiwa. Hakuna aliyeona sababu ya kuhangaika naye.

Sheria ilitaka jicho litazame kwanza kabla ya pampu kuwashwa. Lwitiko, dereva wa Nzi, akaishusha shingo. Jicho likakodoa kwa sekunde arobaini, na kwenye kishikwambi ikajitokeza ramani ya kina, bluu tupu, na maneno chini yake: kina mita mbili na nusu, tope tambarare, hakuna kizuizi. Mwantumu akamwashiria Lwitiko aendelee, naye akavuta mkono wa pampu.

Dakika nne baadaye mpira ukakwama. Hilo halikuwa jambo geni, kwa sababu watu wa jiji hili hutupa chooni kila wasichotaka kukiona tena. Wiki iliyotangulia mpira ulikabwa na suruali ya jinzi yenye mkanda wake, na Lwitiko aliisimulia habari hiyo kila kijiwe alichokaa. Akabadili gia, akauinua mpira taratibu, huku akitania kwamba leo huenda wakavua koti la bwana harusi. Mpira ukapanda na mtu. Ulikuwa umemng'ang'ania usoni.

Yatosha kusema kwamba Bi Siwatu hakuwa amekwenda kuuza vitumbua siku hiyo. Wanawake wa uani walimpokea, wakamlaza kwenye mkeka, wakamfunika kwa khanga tatu, na hakuna aliyetupa hata neno moja kwa watu wa mtambo. Mwantumu alikwenda nyuma ya ukuta akatapika. Binti wa chura alikuwa hajawahi kutapika kazini, na alipojifuta mdomo aliona aibu, kisha akaona aibu zaidi kwamba alikuwa na nafasi ya kujionea aibu yeye mwenyewe wakati mwenzake amelala pale.

2

Kufika saa tisa alasiri alikuwa amejifungia ofisini na kila kitu ambacho jicho lilikiona.

Jicho la Nzi halioni kama mimi na wewe. Kwanza linarusha vidoa vya leza, na kila kidoa kinachorudi huleta habari ya umbali kilikotoka. Kwenye ukuta mkavu vidoa vyote hurudi. Kwenye tope lililolowa, linalong'aa kama samli, tisa kati ya kumi huteleza pembeni vikapotea. Ndiyo maana likapewa njia ya pili, mwanga wa polaraizi. Mwanga ukigonga kitu kilicholowa hurudi umejipanga, mawimbi yake yameelemea upande mmoja, na kule kuelemea kunaeleza uso wa kitu umeinama kiasi gani. Mng'ao unaoishinda leza ndio chakula cha njia hii. Tatizo ni kwamba inajua mwinamo bila kujua kama unakujia au unakukimbia, kwa hiyo mgongo wa sufuria na tumbo la sufuria kwake ni mamoja. Lazima pawe na wa kuamua, na mwamuzi huyo ni mtandao wa neva bandia, uliofundishwa kwa picha elfu arobaini za mashimo ya jiji hili, kila moja ikiwa na alama iliyowekwa na binadamu: hapa kifundu, hapa bonde, hapa tambarare.

Mwantumu aliondoa uamuzi wa mtandao na kuitazama picha ya mwanga peke yake. Bi Siwatu alikuwamo. Alikuwamo mzima, chali, kichwa kimeegemea kipande cha sakafu, paji la uso, bega, kifua chini ya khanga iliyolowa, kila kiungo kimechorwa na mwanga kwa uaminifu ambao hata kamera ya studio isingeuweza. Akaurudisha uamuzi wa mtandao. Bi Siwatu akawa meza ya bluu.

Angeweza kuamini kwamba mtandao ulikosea, lakini mtandao usiojua kitu husita, na kusita kwake huandikwa kwa asilimia. Huu haukusita. Ulikuwa na uhakika wa asilimia tisini na tisa kwamba pale palikuwa na tope tambarare. Uhakika wa namna hiyo hauji wenyewe. Mtu alikuwa ameufundisha.

Ndipo akakumbuka sekunde arobaini. Katika muda ule jicho lilipiga picha mia moja na ishirini, ili lizioanishe na kufuta makosa. Akazipanga zifuatane kama sinema. Mwinamo wa kifua ulibadilika. Uliongezeka kidogo, ukapungua, ukaongezeka tena. Akahesabu huku ameziba mdomo kwa kiganja, na alipofika tisa picha zikaisha.

Bi Siwatu alikuwa amepumua mara tisa mbele ya jicho lake. Kisha yeye, Mwantumu, akamwashiria Lwitiko aendelee.

Kinyaa kikamshika, na hakikuwa kinyaa cha mavi, kile alikizoea utotoni. Alihisi kama amemeza kitu kilicho hai. Alikwenda kuosha mikono ingawa hakuwa amegusa chochote, akarudi, akaiagiza kompyuta imwonyeshe picha zote za mafunzo ambazo mwanga ulionyesha umbo na alama ya binadamu ikasema tambarare.

Zilitoka mia mbili na kumi na mbili.

Akafungua ya kwanza, akaifunga upesi. Kilichokuwamo kingetosha ndani ya kikapu cha mkate. Ya pili ilikuwa hivyohivyo, na ya tatu, na ya saba. Kila picha ilikuwa na anwani ya shimo, na anwani ya shimo la kumi na tisa aliijua, maana aliingia ua ule kila baada ya wiki tatu kusukwa nywele. Akakumbuka mwezi ambao Hidaya, msusi wake, binti wa miaka kumi na tisa, alikonda na kutetemeka akasema ni malaria. Nywele alizokuwa nazo kichwani wakati huo zilisukwa na mikono ileile. Alijikuta akizivuta kama anayetaka kuzing'oa.

Zote mia mbili na kumi na mbili ziliwekewa alama na kundi moja, vyura sita wastaafu. Yeye mwenyewe ndiye aliyewapeleka kwenye kampuni, akiwaambia wakubwa kwa majivuno kwamba hakuna aliyejua mashimo ya Dar es Salaam kuliko hao. Kiongozi wao alikuwa Mzee Issa Kilindo, baba yake.

3

Mzee Kilindo alikuwa kibarazani, anajisugua mikono kwa ndimu mpaka viwikoni kama alivyofanya kila jioni, ingawa ilikuwa mwaka wa pili hajashuka shimoni. Mwantumu alimwamkia, akaitikiwa, akaulizwa kama amekula. Akasema hajala na hatakula. Kisha akamwekea kishikwambi mapajani na kumwonyesha picha ya kumi na tisa.

Mzee hakushtuka. Akaitazama, akakigeuza kishikwambi kifudifudi kama mtu anayemfunika aliyelala vibaya.

Akaeleza bila haraka. Chura anayeanza kazi haambiwi kwanza jinsi ya kushika ndoo. Anaapishwa. Kilichoonekana shimoni kinabaki shimoni. Wakikuta kichanga, mmoja hushuka akakigusa, wakakisomea Fatiha, wakakizika kwenye shimo la pili wanalochimba pembeni, wakakitupia majivu, na mwenye nyumba akaambiwa pameisha. Hawaulizi ni cha nani. Kesho yake chura anaweza kukutana na msichana kisimani, amejiinamia, akamsalimia kama kawaida. Miaka ile miwili ambayo jicho lilikuwa linatazama tu na kazi bado wanaifanya wao, waliendelea hivyohivyo. Walizika, na wakifika kwenye kompyuta ya kampuni wakabofya tambarare.

"Ulituambia tulifundishe jicho kazi yetu," alisema. "Hiyo ndiyo kazi yetu."

Mwantumu akamweleza habari za Bi Siwatu. Hakumpunguzia kitu. Alimwambia mpaka ile hesabu ya pumzi, moja mpaka tisa, na alipoimaliza mzee alikuwa ameiacha ndimu ikaanguka chini.

"Mimi ningeshuka," akasema baadaye. "Chura anashuka, anagusa. Mtu akiwa na uhai, mkono unajua."

"Jicho halina mkono, baba."

"Hilo hukutuambia."

Na kweli hakuwaambia. Yeye ndiye aliyejua jicho linavyojifunza: kwamba linachukua alama bila kuchukua kiapo, na haliwezi kujua kwamba kabla ya kila tambarare kulikuwa na mtu aliyeshuka akagusa na kuhakikisha. Wazee walilirithisha sitara na kuliacha bila mkono. Naye hakuzikagua alama zao hata siku moja, kwa heshima ya mzazi.

Hasira ingetulia pale, kama isingekuwa picha ya mia moja na arobaini. Alikuwa ameiacha mwisho makusudi. Hiyo haikuwa ya kichanga. Ulikuwa mkono wa mtu mzima umejitokeza juu ya tope, mwembamba, umepakwa hina mpaka kwenye kifundo, maua na majani, hina ya wiki ya harusi. Pembeni pake alama ileile.

Akauliza kama na huyo walimzika na majivu. Mzee akasema ndiyo. Akauliza ni nani aliyemtia mule.

"Hatukuuliza."

"Mlijua?"

Mzee Kilindo akaokota ndimu, akaipangusa vumbi, akaanza tena kujisugua. Alisema kiapo hakina mlango wa nyuma. Ukimtaja mmoja, wa pili atakutaka useme na wake, na mwisho wake wale mabinti wote wako mahakamani. Alisema mwenye nyumba ile aliwakaribisha chai, nao wakanywa. Mwantumu akaitazama mikono ile iliyomlea, iliyokuwa inanukia ndimu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake baba yake akamtia kinyaa. Aliondoka bila kuaga.

4

Mkurugenzi wa Shimo Safi, Bwana Melkiori Tesha, alimpokea asubuhi akiwa anakula maini ya kukaanga na chapati. Alikuwa mtu mchangamfu, wa kukuuliza hali ya wazazi kwa majina yao, na alishasoma ripoti.

Mwantumu alikuwa ameandika kila kitu isipokuwa anwani. Tesha alilipenda jambo lote kupita kiasi. Alimega chapati akaeleza kwamba kilichoonekana balaa kilikuwa bahati. Sheria ya Vitambuzi ilikuwa wazi: kifaa chochote kinachoweza kutambua maiti wa binadamu sharti kipeleke taarifa polisi papo hapo, pamoja na mahali, hata kama kosa ni la miaka mingi iliyopita. Mpaka jana jicho la Nzi halikuwa kifaa cha namna hiyo, kwa kuwa halikutambua. Sasa lingetambua. Kazi ya Mwantumu ilikuwa ndogo: azifute alama za wazee katika zile picha mia mbili na kumi na mbili, aweke alama za kweli, afundishe mtandao upya, na Jumatatu mitambo yote kumi na tisa irudi mitaani ikiwa inaona kila kitu. Picha zenyewe zingeambatanishwa na anwani zake. Ndani ya mwezi mmoja, alisema, kampuni itakuwa imewasaidia polisi kuliko walivyojisaidia wenyewe tangu uhuru.

"Hao mabinti watafungwa," Mwantumu alisema.

"Wahalifu watafungwa. Na huyo wa hina, hutaki haki yake?"

Alitaka. Hapo ndipo mtu yule alipomkaba, na alijua kwamba amemkaba, akatabasamu huku mafuta yanameremeta kidevuni. Mwantumu akauliza kuhusu Bi Siwatu. Tesha akapangusa vidole kimoja kimoja. Ripoti ya kampuni ilikuwa imekwishatumwa: marehemu alifariki kwa kuanguka, kabla ya mtambo kufika.

"Alikuwa anapumua. Nimekuonyesha."

"Umenionyesha picha ghafi, dada. Picha ghafi si ushahidi. Ushahidi ni kile jicho lilichosema, na jicho lilisema tope." Akasukuma sahani mbele. "Hebu onja maini, umekonda."

Alitoka mle ndani akatema mate kwenye maua ya mapokezi, mbele ya watu.

Akarudi kwenye kiti chake na kukaa muda mrefu bila kuwasha kitu. Mambo yalikuwa mawili tu, na yote mawili yalinuka. Akilifundisha jicho kuona miili, Hidaya ataamshwa alfajiri na wenye pingu, na wengine mia mbili na ushei baada yake, wengi wao wakiwa wasichana wa kazi ambao waliowatia mimba walikuwa sebuleni wanaangalia taarifa ya habari. Asipolifundisha, Jumatatu mitambo kumi na tisa itakwenda mitaani na macho kumi na tisa yasiyoona mtu, katika msimu wa mvua, ambao sakafu za vyoo hutitia kila wiki. Aligeuzageuza picha za Bi Siwatu mbele na nyuma, si kwa sababu yoyote, ni kwamba hakuweza kuziacha. Kifua kilipanda, kikashuka. Kikapanda.

Ilimchukua karibu saa nzima kutambua kwamba jibu lilikuwa linamchezea machoni. Maiti hapumui. Mwinamo unaobadilika kwa mwendo wa pumzi ni wa aliye hai, awe bibi wa vitumbua au kichanga cha siku moja kilichotupwa kikiwa bado kinapumua. Jicho lingeweza kufundishwa kuona pumzi na pumzi tu. Likiona pumzi, lizime pampu na kupiga kelele mpaka waokoaji waje. Lisipoiona, liendelee kusema walichosema wazee. Na kwa kuwa halitambui maiti, halina la kupeleka polisi.

Ila halikuwa na cha kujifunzia. Katika picha elfu arobaini aliyekuwa akipumua alikuwa mmoja tu, na pumzi zake tisa hazitoshi kumfundisha hata kasuku. Zilihitajika picha mpya, maelfu, za watu wanaopumua ndani ya mavi.

Akampigia baba yake simu, na hakumwamkia.

5

Jumamosi asubuhi, kwenye bwawa la kutulizia lililo nyuma ya karakana, walikuja vyura wanne kati ya sita. Mmoja alikuwa amefariki na mwingine mguu hauna nguvu. Tope la kawaida lisingefaa, kwa kuwa haling'ai kwa namna ile, kwa hiyo Lwitiko alimwaga tangi zima la siku ya Ijumaa, akafunga kamba kwenye shingo ya Nzi kwa ajili ya kuwatolea, akasimama mbali akiwa amevaa barakoa mbili. Tangu siku ile ya Kwa Mkolimba hakuwa ametania hata mara moja.

Wazee walivua mashati, wakasema bismillahi, wakaingia mmoja mmoja kama watu wanaoingia kwenye kitanda chao cha zamani. Mwantumu aliwalaza kila namna: chali, nusu kifudifudi, mgongo umeegemea ukuta, tope kifuani, tope kidevuni. Jicho liliwakodolea macho sekunde arobaini, likapumzishwa, likakodoa tena. Walitaniana kidogo. Mmoja alimwambia mwenzake apumue vizuri asije akageuka tope kabla ya mchana. Lakini walivyozidi kukaa mule utani ukakauka, maana kila mmoja aliyelala pale akitazama juu, kwenye ile taa na ule mpira unaoning'inia, alikuwa anaona alichokiona Bi Siwatu.

Jumapili mchana mtandao mpya ulikuwa tayari, na ukawatambua wazee wote bila kukosea. Mwantumu hakuridhika. Jicho lilikuwa limejifunza vifua vya wanaume wazee wenye mbavu za kuhesabika. Mwanamke ana umbo jingine na hupumua kwa namna nyingine. Aliiunganisha pampu iwake na kuzima kwa amri ya jicho, akampa baba yake kishikwambi, akakaza khanga kifuani, akashuka.

Lilikuwa na uvuguvugu. Hilo ndilo lililomkirihi kuliko yote, kwamba halikuwa la baridi. Liliingia kwenye kitovu, kwenye makwapa, nyuma ya masikio, likapata kila mahali pa siri kama mkono wa mtu asiye na adabu. Kitu kikamgusa mguuni, akajizuia asijue ni nini. Alilala chali, akaegemeza kisogo, akalitazama jicho likishuka kuelekea usoni pake mpaka akajiona ndani ya vigaevigae vyake, mara mia, mdogomdogo.

"Anapumua," Mzee Kilindo akasoma kutoka ukingoni, na pampu ikajizima yenyewe. Walirudia mara ishirini na saba, kila mara vilevile. Lwitiko aligeukia ukuta akawa analia.

Ilibaki jambo moja, na Mwantumu alilijua tangu mwanzo. Akamwambia baba yake aanze tena kuhesabu sekunde. Kisha akavuta hewa ile chafu, akaishika.

Sekunde kumi hazikuwa kitu. Ishirini, masikio yakaanza kuvuma. Akawaza sakafu zitakazotitia kesho, na watu watakaozimia wakapumua kidogo mno, ambao jicho halitawakuta. Hao alikuwa amewapima na kuwaacha. Akamwaza mwanamke wa hina, ambaye alilala hivihivi akiangalia juu, na aliyemtia shimoni akanywa chai na waliomfunika. Thelathini. Kifua kiligoma, akakibana.

Juu yake shingo ya chuma ilitikisika kidogo, na pampu ikaanza kunguruma.

"Tope tambarare," baba yake akasoma. "Hakuna kizuizi."

Mwantumu akaachia pumzi, pampu ikajizima. Alikohoa, akatema kilichomwingia mdomoni, akatema tena. Jicho lilikuwa limefanya alichotaka lifanye, sawasawa kabisa, na hakuna kazi ya mikono yake aliyowahi kuichukia namna ile.

"Liache hivyohivyo," akasema. "Zile mia mbili na kumi na mbili ziko hapo, upande wa kushoto. Na anwani zake. Zifute."

Mzee akatafuta kwa kidole. Akazikuta. Hakuzifuta mara moja. Kwa umri wake wote hakuwahi kuulizia habari za shimo la mtu, na sasa alisimama pale ukingoni na kuuliza.

"Na yule wa hina?"

Mwantumu alikuwa na tope midomoni, na alijua kwamba akifungua kinywa litaingia. Akakifungua.

"Zote."

Mzee Kilindo akabofya. Kisha akaweka kishikwambi chini, akapiga goti kwenye ukingo, akamnyoshea binti yake mkono amtoe. Mwantumu aliutazama, na akautazama wa kwake, na hakuona tofauti kati yake na ule. Akaushika.